Nyumba ya Tomasi Kule Moshi

Leokadia alikuwa akisukuma maandazi tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 2011, na zamu ya jumuiya ilikuwa yake. Watanzania kumi na wawili wangekuja kusali sebuleni kwake, ghorofa ya saba, Don Mills, mjini Toronto. Baada ya sala wangekunywa chai na kuuliza maswali. Maswali ndiyo yaliyomtia hofu.

Tangu Pasaka alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe, Tomasi, yuko Moshi anajenga. Ulikuwa uongo mzuri, maana nani hajengi nyumbani? Lakini nyumba haiwezi kubaki msingi tu. Julai Leokadia aliifikisha kwenye lenta. Septemba akaipaua. Sasa watu walitaka picha. Tomasi mwenyewe hakujua kwamba anajenga.

Tomasi alikuwa papo hapo Toronto. Miaka miwili kabla, aliumia mgongo kazini, kwenye ghala. Daktari alimpa vidonge vya maumivu. Maumivu yalipoisha, hamu ya vidonge haikuisha. Akivikosa alitetemeka na kutapika. Mwishowe alighushi cheti cha daktari ili apate vingine, akakamatwa. Mahakama ilimpa nafasi ya kutibiwa katika mpango maalumu badala ya kwenda jela. Sasa aliishi kwenye nyumba ya matibabu, na kila Jumapili Leokadia alimpelekea chakula.

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani yake, Gulnar, mama yake Fareen, mzaliwa wa Tanga. Gulnar alikuwa mshauri katika mpango huo wa matibabu. Katika jengo zima, yeye peke yake alijua siri ile.

"Karibu, Mama Fareen."

"Ahsante. Leokadia, habari si nzuri. Fedha za mpango wetu zinaisha mwezi Machi. Serikali bado haijaamua kama itaongeza."

"Na Tomasi? Amebakiza miezi sita."

"Mpango ukifungwa, kesi yake itarudi mahakama ya kawaida. Kosa alishakiri. Anaweza kufungwa."

Leokadia aliketi.

"Lakini watu watauliza," alisema. "Kwa nini serikali itoe hela kumtibu mtu aliyevunja sheria?"

"Kwa sababu jela haitibu uraibu. Mtu anaingia mgonjwa, anatoka mgonjwa, kesho anakamatwa tena. Na kumweka jela kunagharimu zaidi kuliko kumtibu. Mpango huu si wa watu waliopiga au kuumiza wenzao. Ni wa watu kama Tomasi. Wala si mteremko. Anapimwa mkojo, anahudhuria ushauri, kila wiki anasimama mbele ya hakimu. Umewahi kwenda kumwona mahakamani?"

"Hapana. Naona aibu."

"Mwanzoni aliteleza, akameza vidonge viwili. Yeye mwenyewe alimwambia hakimu, kabla hajapimwa. Hakimu alimshukuru kwa kusema kweli, akamwongezea siku za ushauri. Angeficha, angelala mahabusu."

Leokadia aliyatazama maandazi yake. Mumewe alisimama mbele ya watu akasema kweli, na yeye huku anapaua nyumba isiyokuwepo. Alijionea haya.

"Nifanye nini?"

"Tunampelekea mbunge barua za familia, zenye majina. Majirani wakitia sahihi, itasaidia zaidi."

Jioni sala ilikwisha, chai ikamiminwa. Phyllis, mwenyekiti wa jumuiya, alichukua andazi.

"Haya, mama. Nyumba imefika wapi?"

"Hakuna nyumba, dada Phyllis," alisema Leokadia. Kisha akawaeleza yote, mpaka habari ya barua. Hakuacha kitu.

Phyllis aliweka kikombe chini.

"Miezi yote hii nimemwombea Tomasi asianguke kwenye paa," alisema. Alikuwa amekasirika kweli. Kisha akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Mtu mmoja alisema mhalifu ni mhalifu, akaondoka bila kumaliza chai. Kumi na mmoja walitia sahihi.

Familia nyingine nyingi ziliandika pia. Machi mpango uliongezewa fedha za miaka miwili.

Mwezi Mei Tomasi alimaliza matibabu. Hakimu alimpa muda wa uangalizi, bila kifungo, na watu wote mahakamani wakapiga makofi. Safari hii Leokadia alikuwepo. Nyuma yake wanajumuiya walikuwa wamejaza mabenchi mawili, na Tomasi alipowaona alilia waziwazi.

Nje, Phyllis alimshika Tomasi mkono.

"Hongera, fundi. Ile nyumba utaiwekea vigae lini?"

"Nyumba gani?" aliuliza Tomasi.

Wote waliangua kicheko. Leokadia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamshika mumewe mkono.

"Twende nyumbani," alisema. "Nitakueleza njiani."