Kadi ya Harusi ya Treesa

"We dada, utaniua!"

Jisna alikuwa amemparamia kijana ngazini, katika soko la kompyuta la Kochi, saa ambayo watu husukumana kwa viwiko. Gauni lake la manjano lilikuwa limelowa mvua, na ngumi ameifumba kama aliyeshika yai.

"Samahani, kaka. Kompyuta ya studio ilitaka kuifuta kadi ya kamera yangu. Nimeichomoa nikakimbia."

"Umefanya la maana. Kompyuta za namna hiyo zikikutana na kadi zisiyoielewa, shauri lao ni kufuta tu. Mimi Bibin, fundi. Yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux, haina pupa. Kuna nini humo?"

"Mimi mpiga picha. Humo mna harusi ya mteja wangu, Treesa. Baba yake alifariki siku nane baadaye. Picha zao za mwisho zimo humo, na nakala sina."

Dukani kwa Bibin, kisoma kadi kilikataa katakata. Tundu tupu, kilisema, na kadi imo!

"Niachie siku mbili," Bibin akasema.

Siku mbili hizo simu hazikupoa.

"Imesoma?"

"Bado. Umekula?"

"Chakula hakipiti."

"Basi nakuja kukulisha puttu, ule mchele wa mvuke, kwa mkono wangu."

"Makubwa! Wewe ni fundi au mchumba?"

"Chagua mwenyewe."

Jisna alicheka mpaka akajiogopa.

Siku ya tatu alipiga mara kumi na moja, Bibin hakupokea. Tena ilikuwa siku ya mgomo, maduka yamefungwa, mabasi hakuna. Ameifuta, akawaza. Ameifuta na amenikimbia. Ujumbe wa Treesa ukaingia: "Dada, nataka tu uso wa baba." Jisna akatoka kwa miguu.

Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi. Bibin, shuka yake ya kiunoni ameikunja magotini kama mtu aliye kwake, alikuwa anaizima kompyuta.

"Umeiua kadi yangu!" Jisna akapiga ukelele. "Muongo mkubwa! Na mimi mjinga nikakuamini, nikakupenda!"

"Jisna..."

"Usinitaje! Simu yangu hukuiona?"

"Niliogopa kupokea. Ningekwambia nini? Sasa sikiliza. Kisoma hiki kikongwe hutazama tundu mara moja tu, kompyuta inapowaka. Mimi siku zote nawasha kwanza, kadi baadaye. Ndiyo maana nimezima. Kadi imo. Washa wewe."

"Siwezi peke yangu."

"Basi tuwashe wote."

Wakabonyeza pamoja. Mistari myeupe ikapita kwenye skrini, na katikati yake jina la kadi likatokea. Bibin aliinakili yote kwanza, dakika arobaini. Kisha akafungua.

Mzee wa shati jeupe alikuwa mlangoni mwa kanisa, amemshika binti yake mkono, anacheka huku machozi yanamtoka.

Jisna akaketi sakafuni, akampigia Treesa. "Baba yupo, mdogo wangu. Yupo, anacheka." Upande wa pili kilisikika kilio tu.

Bibin akampa leso. "Na lile ulilonitukana nalo, kwamba unanipenda?"

"Lilinitoka."

"Lirudie."

"Naogopa, Bibin. Siku nane tu, na mtu hayupo." Akajifuta uso, akasimama. "Nipeleke kwa mama yako, amwone mkwe wake. Leo."

"Leo mgomo, mabasi hakuna."

"Tutatembea."