Daftari la Kachero

Kila asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, nyumba yao ilikuwa na sauti tatu: cherehani ya Mama sebuleni, redio ya Baba uani, na simu ya Dada kila mahali. Simu hiyo ililia mezani, ililia bafuni, na siku moja ilitolewa ndani ya mfuko wa unga ikiwa bado inalia. Dada alikunywa chai akiwa amesimama, akajibu kwamba ramani iko njiani, akavaa shingoni kitambulisho chake chenye kamba ya bluu, na kabla hujamaliza kumwambia kwaheri alikuwa ameshakata kona.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mhandisi wa majengo, mtu wa kwanza katika ukoo wao kuwa na meza yake ofisini. Utotoni walimwita Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi akifua, akifagia na hata akiadhibiwa. Lakini tangu apate kazi, miaka miwili iliyopita, jina hilo lilikufa. Mama alianza kumwita Injinia, Baba akafuata, majirani wakadakia. Baba alitania kwamba Injinia huoga na kitambulisho shingoni, maji yasije yakamsahau. Mwenyewe hakucheka, na huenda hata hakusikia. Juzi tu alimwuliza mdogo wake darasa la nne linaendeleaje, na mdogo wake yuko la sita.

Mdogo wake huyo ndiye Kachero. Jina alipewa na Baba siku alipoigundua miwani iliyopotea, ikiwa chini ya kuku anayeatamia, wakati huo mtoto akiwa na miaka mitano tu. Tangu hapo alijiona mpelelezi kamili. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kila alichokitilia shaka, na vitu alivyovitilia shaka havikuwa vichache. Darasa lake lilisoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zote zilikuwa mali yake.

Jumatatu moja Dada akatoka bila kitambulisho. Kachero aliliona hilo kabla mlango haujafungwa. Akadhani amekisahau, akakitafuta. Hakikuwepo msumarini wala mezani. Jumanne pia shingo ilikuwa tupu. Simu nayo haikulia tangu Jumatatu, na Jumatano ukimya ule ulimfanya Mama asimamishe cherehani akauliza kama umeme umekatika. Kibaya zaidi, Dada aliketi kitini akanywa chai yake yote, taratibu, kama mgeni.

Mama alimwuliza mbona leo hana haraka. Dada akajibu kwamba kazi imepungua kidogo, lakini alijibu akikiangalia kikombe. Kachero akafungua daftari chini ya meza, akaandika: Anaongea na kikombe.

Alhamisi akamfuata. Ofisi ya Dada ilikuwa upande wa kulia wa njia panda. Dada akakata kushoto. Kachero akajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, akaandika mambo aliyoyaona:

Saa 2:20. Amekaa kwenye benchi karibu na posta. Hafanyi chochote. Anamsubiri nani?

Saa 2:50. Mzee mwenye magongo ameangusha mzigo. Dada amemwokotea. Mzee amesema kitu, wamecheka mpaka Dada akashika mbavu. Huenda ni mwenzake.

Saa 3:15. Amewachorea twiga watoto wawili, chini, kwa kijiti. Au ni ramani ya siri?

Saa 4:05. Anapiga mluzi. Ni wimbo aliokuwa akinipigia nilipougua surua. Huenda ni ishara.

Ijumaa ikawa hivyo hivyo, na Jumatatu iliyofuata pia. Sasa Kachero akaanza kuogopa kwelikweli, na hofu yake ilikuwa na tarehe. Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa siku ya kazi shuleni, siku ambayo wageni huja kueleza wanafanya kazi gani. Kwa mwezi mzima Kachero alikuwa ametamba kwamba dada yake, aliyekwisha kuahidi, angekuja, na mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kwa herufi kubwa: INJINIA. Je, kama hakuna injinia? Je, kama hakuwahi kuwepo?

Jumanne, Dada akiwa bafuni, Kachero akaupekua mkoba wake. Alijua kwamba kupekua mkoba wa mtu ni vibaya. Alijua kabla, wakati wa kupekua, na baada ya kupekua. Ndani alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu iliandikwa "Mimi ni," ikakatwa. Chini yake tena "Mimi ni," ikakatwa. Mara kumi na saba, na kila mara imekatwa kwa mstari mzito zaidi. Akaitia daftarini.

Shuleni akamwonyesha jirani yake wa dawati. Huyu aliitwa Redio, kwa kuwa alitangaza kila kitu na hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio aliitazama karatasi ile kwa furaha kubwa.

"Hawa ndio wale wanaojifanya watu wengine," akasema. "Hapa anafanya mazoezi. Anatafuta atakuwa nani."

Kachero akamwambia anyamaze, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Jumatano nzima alimtazama dada yake kama anavyotazamwa mtu uliyepanda naye basi. Je, vyeti vile vilivyotundikwa ukutani vilikuwa vya kweli? Dalili ya mvua ni mawingu, naye aliona mawingu kila upande.

Alhamisi asubuhi akapiga moyo konde, akaenda mwenyewe mpaka geti la ofisi. Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua, akaitikia shikamoo yake na kumsikiliza.

"Yule binti? Hii wiki ya pili haingii hapa," akasema. "Kitambulisho chake alikichukua bosi kwa mkono wake. Zaidi ya hapo sijui. Mimi nalinda geti, silindi habari."

Mchana ule darasani Kachero hakusikia hata neno moja la mwalimu. Jioni, Dada aliporudi na kuinama kuvua viatu, Kachero aliweka daftari na ile karatasi juu ya meza ya kushonea, mbele ya Mama.

"Mama, Dada hana kazi," akasema. "Na huenda hata si injinia."

Cherehani ikanyamaza. Dada akasema haraka kwamba alikuwa saiti, kwenye ujenzi, siku zote hizi. Kachero akasema mlinzi wa geti ana habari nyingine. Dada akabaki na kiatu kimoja mkononi. Kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Hakufukuzwa, alisema. Alikuwa amefanya kazi siku arobaini na tatu bila hata moja ya kupumzika, akichora ramani ya zahanati ya ghorofa moja. Mtu akaomba mlango wa juu uhamishwe. Akauhamisha, lakini kichwa kilikuwa kimechoka, akasahau kuihamisha ngazi. Ramani ikatoka hivyo: vidato ishirini na viwili vilivyopanda vizuri mpaka juu, vikaishia ukutani. Fundi mkuu ndiye aliyegundua, siku mbili kabla ya kumwaga zege.

"Mgonjwa angepanda na homa yake mpaka juu," akasema Dada, "akutane na ukuta."

Bosi wake hakumfokea, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Alichukua kitambulisho na simu ya kazi akavitia drooni, akampa wiki mbili za kupumzika, na karatasi nyeupe. Siku ya mwisho airudishe ikiwa na mistari kumi: yeye ni nani, bila kutaja kazi.

"Nimeshindwa hata mstari mmoja," akasema Dada.

Mama alimwuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakuwaambia.

"Mama, hapa nyumbani naitwa Injinia tangu jua linapochomoza. Nilipoambiwa nikae wiki mbili bila uinjinia, ningeingia humu kama nani?"

Mama akaweka mkasi mezani. Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Kachero aliona uso wa mama yake ukibadilika, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kuandika alichokiona.

Hata hivyo, mpelelezi ni mpelelezi. Mtu aliyedanganya siku tisa za kazi anaweza kudanganya ya kumi. Akasema, akiangalia sakafu, kwamba ataamini akimsikia bosi mwenyewe. Mama alitaka kumkaripia, na kweli alimkaripia kwa habari ya mkoba mpaka masikio yakamwaka. Lakini Dada alifuta machozi akasema ni haki yake kutoamini.

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho," akasema. "Twende wote. Na hilo daftari lako ulibebe."

Bosi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani. Kachero alimsalimu, akakaa kwenye ncha ya kiti, akaichunguza kila droo kwa macho. Dada alitoa karatasi yake yenye mistari iliyokatwa, akaomba msamaha kwamba hana cha kuonyesha. Kisha, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameamua kutoficha kitu, akaeleza habari ya daftari.

Bosi akaliomba. Kachero alitamani ardhi ipasuke. Mama yule alisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa: benchi, mzee wa magongo, twiga, mluzi. Alicheka mara mbili. Alipofika kwenye surua hakucheka tena, na akavua miwani ya machoni.

"Karatasi yako ni tupu, binti yangu," akamwambia Dada, "lakini umeandikiwa. Huyu hapa ni mtu anayeokota mizigo ya wazee. Anacheka mpaka anashika mbavu. Anachora twiga. Alimuuguza mdogo wake kwa mluzi. Neno injinia halimo humu, na mtu yumo mzima."

Dada akasogeza daftari karibu, akasoma mwenyewe.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," bosi akaendelea, "na zako ziliishia ukutani. Kosa halikuwa lako peke yako. Mimi nilikuona siku zote arobaini na tatu nikakuita hodari. Kazi ni nguzo nzuri. Lakini wewe ni mhandisi, unajua nini huipata nyumba yenye nguzo moja tu."

Akafungua droo, akatoa kitambulisho. Akasema kuanzia Jumatatu, saa kumi na moja jioni ikifika, kitambulisho kitalala hapo mezani, na mwenyewe aende nyumbani shingo tupu. Halafu akamgeukia Kachero, ambaye alikuwa ameanza kujisahau.

"Nawe mpelelezi. Macho yako hayana kosa. Kila ulichokiona kilikuwa kweli. Cha uongo ni kile ulichokiongeza mwenyewe: mwenzake, ishara, ramani ya siri. Siku ile ya kikombe, kama ungemwuliza tu, ungehitaji kupekua mkoba?"

"Hapana, mama," Kachero akasema. Akamgeukia dada yake. "Nisamehe, Dada. Niliogopa kukuuliza."

"Na mimi niliogopa kuulizwa," akajibu Dada. "Tumefanana."

Mchana huo darasa lilijaa. Redio alikuwa ameketi mbele kabisa, macho ameyafinya, na mgeni alipoingia tu akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: mbona hana kitambulisho? Mwalimu akamwita Kachero amtambulishe mgeni wake. Kachero alikuwa na maneno aliyoyakariri mwezi mzima, yote kuhusu majengo marefu. Akasimama ubaoni, akayaacha.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Anaitwa Mluzi. Anajua kuchora twiga. Nikiumwa, yeye ndiye hukaa kitandani kwangu. Na kazi yake ni uhandisi."

Dada akawaeleza habari ya ngazi iliyoishia ukutani, bila kuficha hata kidato kimoja. Wanafunzi walicheka, kisha wakaacha kucheka alipowaambia kuhusu mgonjwa mwenye homa. Mwisho akawaambia wapende kazi na waifanye kwa bidii, lakini wapumzike kabla uchovu haujawachorea ukuta, na wasiwafiche watu wa nyumbani kwao wanapochoka. Redio akanyoosha mkono kuuliza kama kweli anapiga mluzi. Mwalimu, ambaye hapendi kelele, alimwachia apige wimbo wote mpaka mwisho.

Walirudi nyumbani kwa miguu wakati jua bado liko juu. Cherehani ilikuwa ikilia sebuleni. Iliposikia hatua zao mlangoni ikanyamaza, na Mama akaita bila kuinuka.

"Mluzi, umerudi?"

Dada akasimama kizingitini. Ilimchukua muda kidogo kukumbuka kwamba anaitwa yeye.

"Nimerudi, Mama," akasema, akavua viatu, akaingia ndani.