Damu ya Mtu Nisiyemjua

Wanafunzi wake walimwita Bi Chembe. Tangu ujana wake alichunguza chembe nyekundu za damu. Alitaka kujua kwa nini damu ya mtu mmoja humponya huyu na kumdhuru yule. Kila jioni, akitoka maabara, alipita kwa mama yake, fundi cherehani, naye alipokewa kwa utani.

"Bado unaitazama damu tu? Miaka yote hii haijakwisha?"

"Haijakwisha, Mama."

"Haya, kaa unikunjie mapazia."

Jioni moja cherehani ilikuwa kimya. Mama ameegemea ukuta, anahema. Bi Chembe akamfunua viganja. Vilikuwa vimepauka. Akamkimbiza hospitali.

Huko daktari hakuzungusha maneno. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimevuja damu polepole kwa muda mrefu.

"Kidonda tutakitibu," alisema. "Lakini kwanza aongezewe damu. Tukichelewa, tutampoteza."

"Sitaki damu ya mtu nisiyemjua," Mama akasema. "Huenda ni mgomvi. Niamke kesho nianze kutukana wateja?"

Muuguzi akacheka. Mama hakucheka.

"Damu haibebi tabia, Mama," Bi Chembe akamwambia. "Chembe nyekundu hubeba hewa kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Zako zimepungua, ndiyo maana unahema. Na damu yoyote hupimwa magonjwa kabla ya kupewa mgonjwa."

"Basi nipe yako. Nimekuzaa mwenyewe."

Machozi yakamlengalenga Bi Chembe. Hakuna alichotaka zaidi ya kunyoosha mkono.

"Yangu inaweza kukuua, Mama."

"Damu ya mwanangu iniue? Umesoma mpaka umepitiliza!" Mama akageukia ukuta.

Bi Chembe aliona maneno hayatoshi. Akaenda maabara, akarudi na kigae cheupe na vichupa.

"Mama, tazama. Haya ni majimaji ya damu yako, ile aliyokutoa muuguzi."

Akadondosha matone mawili, moja huku, moja kule. La kwanza akalitia chembe zake mwenyewe. La pili akalitia chembe za mtu aliyechangia damu. Akakitikisa kigae taratibu. Mama akainua kichwa. Tone la kwanza likafanya mafundo mafundo. La pili likabaki laini.

"Haya mafundo ni ya nani?"

"Yangu. Mimi ni kundi A, kama marehemu Baba. Wewe ni kundi O. Mwili wako unaziona chembe zangu kama adui. Hayo yakitokea ndani ya mishipa, figo huharibika, na mtu anaweza kufa."

"Na hili laini?"

"La mtu wa kundi O, kama wewe. Simjui. Alikuja akiwa mzima, akanyoosha mkono, akaenda zake. Mwili wake utatengeneza damu nyingine."

"Nani alimtuma?"

"Hakuna."

Mama alikitazama tena kigae. Kisha akamshika mwanawe shavu.

"Na wewe ulitaka kunipa?"

"Ningekupa yote, Mama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilikuomba wewe."

Akamnyooshea muuguzi mkono.

Damu iliingia polepole, muuguzi akimwangalia mara kwa mara. Kesho yake viganja vilianza kurudiwa na rangi. Mama akalalamika kwamba shuka za hospitali zimeshonwa ovyo. Bi Chembe alicheka mpaka akalia.

Mama alipokuwa bado wodini, Bi Chembe alikwenda kuchangia damu. Yake haikumfaa mama yake, lakini ingemfaa mama wa mtu mwingine. Wajomba nao wakamfuata. Mmoja aliogopa sindano kuliko wote, na ndiye aliyejisifu zaidi baadaye.

Kidonda kilipotulia, Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Walitoka taratibu, mkono kwa mkono. Mama akamwamkia mlinzi wa getini. Akamwamkia muuza magazeti. Akamwamkia kijana aliyekuwa akiziba pancha, na mwanamke aliyepita na ndoo.

"Mama, unawajua wote hawa?"

"Simjui hata mmoja," Mama akasema. "Lakini mmoja wao huenda ndiye."