Stika za Taa

Kila Julai, siku moja kabla ya safari ya kupiga kambi Ufaransa, nyumba ya Bwana Trevanion mjini Saltash haikaliki. Kila mtu ana kazi yake kwenye gari. Mwaka huu Piran, wa miaka kumi na sita, alipewa kuliosha. Mdogo wake Tamsin, wa miaka kumi na miwili, alipewa kubandika stika nyeusi za plastiki kwenye taa za mbele, maana Ufaransa magari hupita kulia, na taa za gari la Uingereza bila stika hizo huwapiga machoni wanaokuja. Tamsin alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele pamoja na ramani, kutoka bandarini Roscoff hadi kambini. Njia hiyo alikuwa akiisoma tangu Pasaka, hata vijiji alivijua kwa majina.

Asubuhi Piran alisema ameshaosha, macho yake kwenye simu. Tamsin alikuta taa zimejaa vumbi na wadudu waliokauka. Hakubishana. Alizifuta, akapima kwa rula, akabandika stika zote mbili, kisha akaenda kumsaidia mama kukunja hema.

Saa kumi alasiri baba alikagua gari. Lilikuwa linang'aa, lakini taa hazikuwa na kitu.

Tamsin aliapa kwamba alibandika. Piran akacheka, akasema huyo si ndiye aliyesahau pasipoti kwa bibi mwaka jana? Baba alikuwa amechoka, tena ana haraka. Hakuuliza chochote.

"Mbele atakaa Piran," alisema. "Sitaki msoma ramani mwongo."

Mwongo! Neno hilo lilimchoma Tamsin moyoni. Pasipoti aliisahau kweli, na alikiri siku ile ile. Lakini kudanganya? Alisimama kwenye mlango wa jikoni machozi yakimlengalenga. Na Piran amekaa mezani anakula pai, mguu mmoja juu ya kiti, hana habari!

Ndipo alipoona. Kiatu cha Piran kilikuwa kimelowa, na chini ya soli kilinata kipande cha plastiki nyeusi.

"Baba," alisema, "njoo uangalie kiatu cha Piran."

Baba akakibandua. Piran alibabaika, mwishowe akayasema yote. Asubuhi hakuosha. Mchana, baba alipokaribia kurudi, aliliosha gari haraka haraka kwa pampu ya maji, stika zikang'oka, naye akanyamaza.

"Uvivu ningekusamehe," baba alisema. "Lakini umekaa unakula pai huku mdogo wako anaitwa mwongo. Huoni aibu?"

"Na aliyemwita mwongo ni nani?" mama akauliza.

Baba akainamisha kichwa. "Ni mimi. Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa kosa la mwaka jana, hata kukuuliza sikukuuliza. Piran alisema uongo, na mimi nikausaidia ukafanya kazi. Sote wawili tumekukosea. Kiti cha mbele ni chako."

Piran alitumwa kwa baiskeli kununua stika nyingine kwa fedha zake, kabla duka la vipuri halijafungwa. Aliporudi akihema, alimkuta Tamsin mbele ya gari, ramani kwapani. Tamsin alimnyooshea kitambaa na rula.

"Anza kwa kufuta," alimwambia. "Nitakagua mwenyewe."