Nilimzika Mama Kwenye Televisheni

Nilimuua mama yangu kwenye televisheni. Mama mzima kabisa, anauza nyanya sokoni Iringa, ana nguvu kunishinda mimi... nikasema amekufa! Tena nilisema vizuri.

Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, shule ya bweni huku Mbeya. Darasani mimi ndiye mchekeshaji. Nikiigiza sauti ya mkuu wa shule, hata mlinzi anasimama wima. Mtu wa aina hiyo akiona kamera, mnategemea nini?

Kamera zililetwa na Dada Rehema, mtayarishaji wa vipindi kutoka Dar es Salaam. Alitaka kipindi cha maisha halisi kuhusu klabu yetu ya miparachichi. Asubuhi nzima akarekodi mashimo na samadi. Mchana akampigia bosi wake, yule anayeamua kipindi kipi kitengenezwe na kipi kitupwe. Mtandao ulikuwa unakatakata, akaweka spika, sote tukasikia.

"Rehema, miti ni mizuri," bosi akasema. "Lakini mtu wa Lindi au Musoma abaki kwetu kwa nini? Wakulima watatazama, wengine wote watahama chaneli. Nitafutie mtoto mmoja mwenye jambo la moyoni. La kweli lakini, sitaki maigizo!"

Dada Rehema akakata simu, akatutazama kinyonge. "Jamani, hakuna mwenye..."

Mkono wangu ukapanda wenyewe!

Nikasema mama alifariki mwezi uliopita na mti wangu nimempandia yeye. Mwalimu wa klabu alikuwa mjini kufuata dawa ya miti. Wenzangu walijua natania, wakauma midomo wasicheke. Kamera ilipokuwa inapangwa nilikuwa nimejipaka pilipili ya jikoni kidoleni kwa ajili ya machozi... wala sikuihitaji! Nilipotamka tu neno mama, yakaja yenyewe. Tangu Januari sikuwa nimemwona. Mnaijua baridi ya Mbeya mwezi wa sita, bweni limejaa watu na bado unajiona uko peke yako? Hiyo ndiyo iliyoniliza. Dada Rehema naye akalia.

Bosi akakipitisha kipindi. Kikarushwa.

Huko Mgololo, mama mdogo alikuwa anatazama. Akaniona! Akampigia dada yake, yaani mama yangu, simu haipatikani. Chaji ilikuwa imeisha, basi tu. Yeye akaamini dada yake amezikwa na yeye amefichwa msiba. Asubuhi akapanda basi kwenda Iringa na wanawake wa ukoo, na unga, na maharage, na hasira.

Sasa kwetu, ukikaribia nyumba yenye msiba unaanza kulia tangu njiani. Na ukisikia ndugu wanalia, huanzi kuhoji. Unajifunga kanga unalia nao, jina la marehemu utalijua baadaye. Mama akatoka uani, akaona ndugu zake wanakuja wanalia... naye akajifunga kanga, akawapokea kwa kilio! Wakaangukiana mabegani, macho yamefunikwa, mama analia huku anauliza, "Jamani, nani ametutoka?"

Mama mdogo akaijua sauti. Akainua uso... akaanguka palepale!

Cheka kama unataka. Hata mimi niliposimuliwa nilicheka, mpaka nikaambiwa presha ya mama mdogo ilipanda na amelazwa. Na sokoni wakapata utani wao: "Marehemu, nipimie nyanya!" Mama anapima tu.

Uongo ulipojulikana, kipindi kikaondolewa. Dada Rehema akaambiwa na bosi asimletee tena chochote kutoka shuleni kwetu. Wenzangu wa klabu walishawaambia wazazi wao watazame, wakaaibika, wakaacha kukaa meza moja na mimi. Nikiigiza sauti, hakuna anayegeuka. Nakula peke yangu, natembea peke yangu. Kila Jumapili naazima simu ya matroni, nampigia mama. Inaita... inaita... inakatika. Je, nilikuwa bado na mama? Nani wa kumuuliza?

Wenzangu mnaosoma, nawasihi! Watu wa televisheni wanatafuta jambo la kumgusa kila mtu, ndiyo kazi yao. Wakija kwako na huna jambo, waambie huna. Waonyeshe mti wako, hata kama Musoma watahama chaneli! Sifa niliyoipata ilikuwa ya jioni moja. Upweke wake sijui utaisha lini.

Likizo ilipofika nikaenda moja kwa moja sokoni. Nikapiga magoti mbele ya meza yake, kwenye maganda ya vitunguu. Shikamoo mama. Akamhudumia mteja, akapanga upya mafungu yake, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, na hapa naandika neno kwa neno:

"Marahaba. Kiliporudiwa nilikitazama chote kwa jirani, kabla hawajakiondoa. Ulisema nilikuwa nakubeba mgongoni mpaka zahanati na mvua inanyesha. Ulisema hakuna mtu anakuchekesha kama mimi. Sasa wewe Eliya, maneno mazuri hivyo umewaambia watu wa nchi nzima. Mimi mwenyewe mbona hujawahi kuniambia?"