Saa Iliyosingiziwa Uvivu

Kila alfajiri, mama alipokuwa akikanda unga wa mikate ya dukani kwake, binti yake Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kupanda kigoda na kuitia ufunguo saa ya ukutani aliyoiacha marehemu babu yake. Saa hiyo ilipogonga, mtaa mzima uliruka. Wanasema hata jogoo wa jirani hakuthubutu kuwika kabla yake.

Lakini ufunguo ulikuwa mgumu, na Chiriku akachoka. Akavumbua njia ya mkato. Akisikia saa ikitangazwa kwenye redio ya fundi viatu wa jirani, alikimbia na ufagio, akausukuma mshale kwa mpini mpaka mahali pake. Muda si muda akarudi kuusukuma tena. Kutwa alikuwa mbio na ufagio wake, jasho likimtiririka, ili tu asipande kigoda.

Mama alipouliza mbona saa inasimama ovyo, Chiriku alijibu kwamba imezeeka, imekuwa mvivu.

Mzee mmoja aliyewahi kufundisha Kilatini, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa dukani akichagua mkate. Akamweleza Chiriku kwamba hata Kilatini kina neno la mvivu, nalo hubadilika kumfuata mwenyewe: mwanamume ni piger, mwanamke ni pigra, na saa, ambayo kwao si ya kike wala ya kiume, ni pigrum. Chiriku alilipenda neno hilo. Siku iliyofuata aliimba "pigrum, pigrum" mpaka akausahau mshale. Mama akaiamini saa, na mikate yote ikatoka tanurini ikiwa makaa.

Mama hakufoka. Alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akamwambia aichukue saa bure.

Saa ilipotolewa, ukutani palibaki alama nyeupe. Chiriku aliitazama, akakumbuka jinsi babu alivyombeba mabegani ili naye auzungushe ufunguo.

"Mama, saa ni nzima," alisema. "Mimi ndiye siitii ufunguo. Nausukuma mshale kwa ufagio."

Mnunuzi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Alisema amewahi kubeba saa za kila aina, ila inayoendeshwa kwa ufagio hajapata kuiona. Akairudisha ukutani. Chiriku akapanda kigoda, akauzungusha ufunguo hadi mwisho. Saa ikaanza kutembea.

"Mwalimu," Chiriku alimwambia kwa haya yule mzee, aliyekuwa amekuja kununua mkate, "basi pigra ni mimi."

"Ulikuwa," Mwalimu alimjibu. "Aliyesema kweli na kushika kazi yake, neno hilo halimkai."

Mama alimpangusa unga puani. "Uliikimbia kazi ya mara moja, ukafanya ya kutwa nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, na mwenye saa ya ukutani sharti apande."

Saa ikagonga, mara ya kwanza tangu Chiriku ashike ufagio. Mtaa ukaruka, na jogoo, aliyekuwa amenyamaza siku zote hizo, akawika mchana kweupe.