Kilomita Tano za Najat

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hupakia nazi kwenye keria ya baiskeli ya Mama na kuzipeleka kwa wateja wake hapa Mwera. Baiskeli yenyewe ni nzito, haina gia, na breki ya nyuma hufanya kazi ikitaka. Lakini ndiyo niliyojifunzia, na mtu akiicheka mbele yangu lazima tugombane. Mimi ni mbishi, wala sioni haya kulisema hilo.

Mteja wangu wa mwisho ni Babu Ame, mjomba wake Mama, aliyehamia huku kutoka Pemba kabla sijazaliwa.

“Shikamoo, Babu,” nilimwamkia asubuhi moja.

“Marahaba, Najat. Nasikia mwataka kuendesha baiskeli kutoka Tanga mjini mpaka hapa, ati kwa ajili ya kasa. Kasa wenyewe wamewatuma?”

Nilijua ananichokoza. Shule yetu ilikuwa imejiunga na msafara wa baiskeli kutoka Raskazone hadi Mwera, zaidi ya kilomita sitini. Watu waliahidi kuchangia kwa kila kilomita, na michango hiyo ingewalipa walinzi wa viota vya kasa pwani kwetu. Na mtu waliyekuwa wakimwogopa zaidi walinzi hao alikuwa huyu huyu babu yangu. Ukutani kwake kulitundikwa chuma chembamba, kirefu kama mkono. Alikuwa akikichoma mchangani, na kikitoka kimelowa ute, alijua kuna mayai ya kasa, akachimba. Sheria inakataza, naye anajua.

“Babu, mayai yale mkiyala yote, kasa watakwisha,” nilimwambia.

“Haya maneno nimeshayasikia. Wa kwanza kuja nayo alituahidi kazi, hatukuiona. Wa pili akasema atarudi wiki ijayo, na huu ni mwaka wa nne. Nanyi mtaendesha nusu ya njia, nusu mtapakiwa garini, kisha mtapigiwa makofi.”

“Mimi sipandi gari!”

“Apa.”

“Wallahi! Raskazone hadi Mwera, kila kilomita kwa miguu yangu mwenyewe!”

Babu Ame alikitazama kile chuma. “Ukifika hivyo, chuma hiki ni chako. Sichimbi tena mpaka naingia kaburini. Ukishindwa, usinitajie kasa maisha yako yote.”

Nilipomweleza Mama, alijishika kiuno. “Umeapa? Na huo mdomo wako! Haya, ukatie baiskeli mafuta.”

Siku ya msafara tulitoka Raskazone alfajiri, watu thelathini na kitu. Wengine walikuwa na baiskeli za gia, nyepesi, wakanipita wakicheka keria yangu. Niliwaacha wacheke. Nilipofika Pangani niliwakuta watatu kati yao wamekaa kivulini wakisugua mapaja, nikawapungia mkono.

Tulivuka mto kwa pantoni. Hata Babu Ame alikuwa amekubali kwamba mto haupitiki kwa baiskeli. Ng'ambo, tulipoanza kupanda kilima cha Bweni, nilisimama juu ya pedali, nikakanyaga mpaka masikio yakavuma. Nikakimaliza. Nikaenda mwendo kidogo, kisha kah! Cheni ikakatika, pembeni mwa kibao cheupe cha barabara.

Pikapu ya msafara ilikuwa nyuma yangu. Mwalimu wetu, Hosea, akaruka chini.

“Pakia, Najat. Fundi yuko njia panda ya mashamba ya mkonge.”

“Mwalimu, nimeapa.”

“Ni kilomita tano tu, binti. Gari haliwezi kukusubiri wewe peke yako. Panda.”

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuikokota. Lakini miguu ilikuwa inatetemeka, na nasema ukweli, nilipokaa kwenye ile pikapu nilifurahi. Upepo ulinipiga usoni nikafumba macho. Njia panda fundi aliunga cheni, nikamalizia kilomita tatu za mwisho, na getini mwa shule Mwalimu akagonga muhuri kwenye kadi yangu ya msafara kwamba nimekamilisha safari yote.

“Umemwona?” Samiha, rafiki yangu, alininong'oneza tulipoingia uwanja wa shule. “Babu yako amekuja na chuma!”

Kweli, Babu Ame alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Akina mama wakapiga vigelegele, Mama yangu sauti yake juu ya zote. Roho ikaniuma.

“Samiha, mimi nilipanda gari.”

“Nyamaza, shoga! Utalipa kafara ya kiapo, ufunge siku tatu, yaishe.”

“Kafara ni yangu mimi na Mungu. Na Babu je?”

Babu Ame alikuwa ameshanifikia. Hakucheka, hakunichokoza. Alinyoosha mkono, akanipa kile chuma. “Chukua. Umenishinda.”

Nilitamani kukichukua. Niliwawazia kasa wote ambao wangepona kwa mimi kunyamaza tu. Nikarudisha mkono nyuma.

“Babu, bado. Cheni ilikatika baada ya Bweni. Nilipakiwa kwenye pikapu kilomita tano.”

Vigelegele vikakatika. Mwalimu Hosea akanivuta pembeni. “Najat, hii ni kwa ajili ya kasa! Kilomita tano zina nini?”

“Zina kiapo changu, Mwalimu. Samahani.”

Babu Ame alirudisha chuma kwapani. “Si niliwaambia? Wote ni wale wale.” Akageuka kwenda zake.

Hapo ubishi ukanipanda. “Babu, simama! Mimi niliapa nitafika kwa miguu yangu. Sikuapa nitafika saa ngapi! Jua bado liko juu. Narudi kwenye kibao cheupe, nianzie pale.”

“Utarudi peke yako, nani atakuona?”

“Basi twende wote!”

Watu wakaangua kicheko. Babu Ame akakasirika, akaazima baiskeli ya mtu, akafunga chuma kwenye keria. “Twende. Leo nitauona mwisho wako.”

Mama hakunizuia. Alinipa maji na andazi, akanifunga mtandio vizuri. “Nenda kamalize ulichokianza,” alisema.

Tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipopita njia panda alikuwa akihema. Tulipofika kwenye kibao, kilomita nane kutoka shuleni, alishuka akikohoa, akakaa chini.

“Basi, Najat. Yatosha. Hizi tano umeshazikanyaga ukija huku.”

“Sikuapa kwenda Bweni, Babu. Niliapa kwenda Mwera.”

“Wee mtoto una nini?”

“Inuka, Babu. Unatakiwa kuona.”

Nilikigusa kile kibao kwa kiganja, nikageuza baiskeli. Ile njia niliyoifumbia macho garini ilikuwa na mchanga, mawe na mwinuko mrefu kabla ya mkonge. Mapaja yaliwaka moto. Nililia, tena kwa sauti, lakini sikushuka. Babu Ame alishuka kwenye mwinuko, akaikokota ya kwake. Nilipopunguza mwendo alinifokea, “Usinisubiri! Nakuona!”

Nilifika njia panda, nikaangukia kwenye benchi la fundi. Mwalimu Hosea alikuwa ameshakuja na pikapu. Hakuniambia nipande. Babu Ame alipotokea alikifungua chuma, akakiweka mapajani mwangu.

“Zimebaki tatu za kwenda shuleni, Babu,” nilisema.

“Hizo ulishaziendesha kwa haki. Sikiliza, Najat. Nilitaka unidanganye. Ungenidanganya nikaja kujua, hata ukichukua chuma, ningetengeneza kingine. Kila aliyenijia na habari za kasa alikuwa na uongo kidogo mfukoni, nami nikaufanya ule uongo kisingizio, nikachimba. Leo umeninyima kisingizio.”

Mwalimu Hosea aliinamisha kichwa. “Na mimi nilikosea,” alisema. “Jambo jema haliruhusu uongo, hata wa kilomita tano. Mtu akigundua uongo mmoja, ataikataa na kweli yote.” Akaichukua kadi yangu, akaandika mbele ya muhuri: kilomita tano zimeendeshwa jioni.

Chuma kile sasa kimesimama pwani. Tumekifunga kitambaa chekundu kuonyesha kiota cha kwanza alichotuonyesha Babu Ame, na ole wako upite karibu, anakutoa mbio. Siku mayai yalipoanguliwa, alasiri ya mawingu, tulipiga magoti mimi na yeye tukiwahesabu watoto wa kasa wakishuka majini.

“Mia moja na kumi!” nilipiga kelele.

“Mia na tisa,” alisema Babu Ame. “Yule alipinduka, ukamhesabu mara mbili. Andika kweli.”

Nikaandika mia na tisa.